Nikiitazama hasira inazidi kukua: ninakosea wapi katika taamuli?

Mkaaji wa Alfajiri ameuliza:

Waheshimiwa wasomaji, nawasalimu. Kwa miezi 7 sasa nimekuwa nikifanya taamuli ya Kibuddha kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, nikiketi mkekani na kufuatilia pumzi kama nilivyoelekezwa na rafiki niliyesoma naye. Pumzi hainipi taabu kubwa. Taabu inaanza pale hasira inapoingia.

Nieleze kisa chenyewe kwa ufupi, maana bila kisa swali halitaeleweka. Baada ya baba yetu kufariki, kaka yangu mkubwa aliuza kiwanja cha familia bila kutushirikisha sisi wadogo zake, na fedha hatukuziona. Sasa ni mwaka wa 3. Hatujagombana hadharani, tunakutana misibani na harusini, tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto. Lakini nikifumba macho alfajiri, haipiti dakika ya 10 kabla kaka hajafika na tabasamu lake la siku ile alipotuambia kwamba mambo yamekwisha. Rafiki yangu alinishauri nisiifukuze hasira, niitazame tu, nayo itaondoka yenyewe. Nimeitazama. Haiondoki. Kadiri ninavyoitazama ndivyo inavyonenepa, na juzi niliinuka mkekani nikiwa nimekwisha kuandika kichwani barua nzima ya mashtaka, pamoja na majina ya mashahidi.

Ninaomba kuelimishwa mambo mawili. Kwanza, katika mafundisho ya Buddha mwenyewe, kuitazama hisia maana yake ni nini hasa? Pili, kuitazama hasira kunatofautianaje na kuimeza? Sisi tuliolelewa kwa neno “jikaze” tunajua kumeza vizuri mno, na nisingependa kuzitumia alfajiri zangu kujifunza ustadi nilio nao tayari.

Msomaji wa Kipali amejibu:

Ndugu Mkaaji, sehemu ya jibu imo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Ulichokuwa ukikitazama kwa miezi hiyo si hasira bali ni kaka yako: tabasamu lake, kiwanja, barua, mashahidi. Hayo ni kuni. Anayetazama kuni huku anaziongeza hawezi kushangaa moto unapokua. Lakini sikulaumu, kwa kuwa nadhani kosa limeanzia kwenye neno tulilolichagua kutafsiria.

Kwa Kiswahili tunasema “hisia” na kukusanya humo vitu ambavyo lugha ya Kipali, iliyohifadhi maandiko ya Wabuddha wa mapokeo ya Theravada, inavitenga. Hotuba iitwayo Satipatthana, ambayo inasemekana Buddha aliitoa katika mji wa Kammasadhamma katika nchi ya Wakuru, kaskazini mwa India, inataja maeneo manne ya uzingativu: mwili, vedana, chitta, na dhamma, yaani mambo ya moyoni kama mafundisho yanavyoyapanga. Watu wengi huitafsiri vedana kuwa hisia, kisha wakadhani hapo ndipo mahali pa hasira, huzuni na wivu. Sivyo. Vedana ni ladha tu ya kila jambo linapogusa mwili au akili: tamu, chungu, au isiyo tamu wala chungu. Hakuna zaidi ya hapo. Ukichomwa na mwiba, uchungu ule ni vedana. Ukikumbuka neno la dharau uliloambiwa, mchomo ule wa kwanza, kabla hujasema lolote moyoni, nao ni vedana. Hasira haijafika bado.

Hasira inatajwa katika eneo la tatu, la chitta, yaani moyo au akili kwa jumla. Hapo hotuba inaorodhesha jozi 8 za hali za moyo, na jozi ya pili inasema kwamba mtendaji anaujua moyo wenye chuki kuwa ni moyo wenye chuki, na moyo usio na chuki kuwa ni moyo usio na chuki. Tafadhali angalia kitu kisichosemwa. Haisemwi kwamba anajua kaka yake ni dhalimu, wala kwamba anajua kaka yake si dhalimu. Jambo la kaka halimo kabisa. Kinachojulikana ni moyo jinsi ulivyo kwa wakati huo, kama mtu anayechungulia dirishani na kuona kwamba nje kuna mvua. Vilevile anatakiwa kuujua moyo usio na hasira, kazi ambayo karibu sote tunaisahau. Tunakesha tukiingoja hasira, na saa nzima ambayo haikuwapo hatuitii hesabuni.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito. Yapo mafundisho mafupi yanayoitwa Sallatha, yaani mshale, ambamo Buddha anamlinganisha mtu asiyefundishwa na mtu aliyepigwa mshale mmoja kisha mara moja akapigwa wa pili. Mshale wa kwanza ni uchungu wenyewe, na wa pili ni kuomboleza, kujipiga kifua na kuchanganyikiwa kwa sababu ya uchungu huo. Mfano huu watu wengi wamekwisha kuusikia. Kinachorukwa mara nyingi ni sentensi zinazofuata, zinazosema kwamba mtu huyo huukinza uchungu, na kule kukinza kunajenga ndani yake mwelekeo wa kuchukia. Tena, kwa kuwa hajui njia nyingine ya kutoka, hukimbilia starehe za mwili. Hapo ndipo ninapoona tofauti yako. Kumeza ni kukinza. Anayemeza hasira ameukataa uchungu wa mshale wa kwanza, hakutaka kukaa nao hata kwa pumzi tatu, akaufukia, nao unabaki chini ukifanya kazi. Anayemwaga hasira naye ameukataa uchungu uleule, ila amechagua mlango mwingine. Mazoezi ya vedana yanamtaka mtu akae mahali ambapo hao wawili hawakukaa: kwenye uchungu wenyewe, kabla haujageuka kesi.

Kwa hiyo kesho alfajiri, kaka atakapofika, usimfukuze wala usimsikilize. Uliza swali moja tu: hivi sasa, uchungu uko wapi na ni mkali kiasi gani? Mwalimu S. N. Goenka, aliyezaliwa Burma mwaka 1924, akafundishwa na U Ba Khin aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa serikali ya nchi hiyo, na akaanza kufundisha India mwaka 1969, alikuwa akisisitiza kwamba hasira kama wazo ni vigumu kuitazama, lakini kila inapopanda mambo mawili yanayoonekana hutokea pamoja nayo: pumzi hubadilika, na mwilini huanza joto, mkazo au mapigo. Hayo yanatazamika. Wako Wabuddha wasiokubaliana naye kwa kuifunga vedana na mwili kiasi hicho, kwani maandiko yanataja pia vedana za akili, nami ninaelekea upande wao. Lakini kwa mtu ambaye barua ya mashtaka inajiandika kichwani, kushuka mwilini ni shauri jema.

Muuguzi Mstaafu amejibu:

Mwanangu Mkaaji, mimi si msomi wa Kipali. Nimefanya mazoezi haya kwa miaka kadhaa, nikaanzia katika Kituo cha Wabuddha cha Uganda, karibu na Entebbe, kilichoanzishwa na mtawa Mganda Bhikkhu Buddharakkhita mwaka 2005, wakati nilipokuwa nikiishi upande ule. Naongeza machache ya vitendo.

Njia niliyoizoea mimi ni ya kutaja, iliyoenezwa na Mahasi Sayadaw wa Burma, aliyeishi kuanzia 1904 hadi 1982. Unafuatilia tumbo linavyopanda na kushuka, na kila kinachokuondoa hapo unakitaja kwa neno moja la moyoni: kusikia, kuwaza, kuumwa, hasira. Unakitaja kwa upole hadi kipungue, kisha unarudi tumboni. Mwanzoni nilitaja kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na haikunisaidia sana. Nilipohamia Kiswahili niliona jambo la ajabu. Lugha yetu haisemi tu “nimekasirika”. Inasema hasira zimenipanda, nimeshikwa na hasira, hasira zimeniishia. Kumbe bibi zetu walikwisha kuiona kama kitu kinachokuja, kinachopanda, kinachoshika na kinachoisha, wala hawakuifanya kuwa ndiyo mtu mwenyewe. Tangu hapo nataja “imepanda”, na saa nyingine “imeshika”, na neno hilo linanifanya niangalie imeshika wapi. Kwangu mimi hushika kooni. Kwa marehemu mume wangu ilikuwa tumboni, na ndiyo maana akikasirika hakuwa akila.

Onyo langu ni kwamba kutaja kunaweza kugeuka rungu. Ukitaja “hasira, hasira” kwa nguvu ili ifie mbali, hapo hutaji, unapigana. Sauti ya moyoni iwe ile ya kumpokea mgonjwa dirishani: jina lako, unaumwa wapi, kaa hapo. Mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa akifundisha kwamba hasira ni kama mtoto mchanga anayelia, na uzingativu ni mama anayeacha alichokuwa akikifanya akambeba. Nimefanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka mingi, na naweza kukuambia kwamba mama hambebi mtoto kwa kuwa analia vizuri, wala hamuulizi ana haki gani ya kulia.

Na jingine, ambalo nalisema kama muuguzi: ikiwa ukikaa hivyo unatetemeka, unakosa pumzi, au usiku hulali, basi fumbua macho, simama, tembea polepole ukisikia nyayo zako zikigusa chini. Kutembea nako ni taamuli kamili katika mapokeo haya. Yako majeraha yasiyotakiwa kufunguliwa mtu akiwa peke yake saa 11 alfajiri, na kutafuta mtu wa kuzungumza naye si kushindwa.

Mwana wa Ng’ambo amejibu:

Assalamu alaykum nyote. Mimi ni Muislamu na nimeingia hapa kama msomaji tu, lakini kuna jambo limenishughulisha. Sisi tumefundishwa hadithi ya Mtume kwamba mtu akighadhibika hali amesimama basi akae, na ikiwa ghadhabu haikumtoka basi ajilaze. Niliposoma tafsiri ya hotuba moja ya Buddha kuhusu kuondoa mawazo mabaya nilikuta mfano wa mtu anayekwenda mbio, akajiuliza kwa nini ninakwenda mbio, akatembea polepole, akajiuliza kwa nini ninatembea, akasimama, kisha akakaa, kisha akalala. Sisemi kwamba mafundisho ni mamoja, maana misingi yake ni mbalimbali sana. Ninachouliza ni hiki: ikiwa Buddha alifundisha njia za kuondoa mawazo, mbona hapa mnasema itazame tu? Naona kama kuna mgongano.

Msomaji wa Kipali amejibu:

Maalim, umeugusa mfupa wenyewe. Hotuba unayoikusudia inaitwa Vitakkasanthana, nayo inatoa njia tano zinazofuatana. Ya kwanza ni kubadilisha kinachotazamwa, kama seremala anayeng’oa kigingi kinene kwa kugongea chembamba. Ya pili ni kuyaangalia madhara ya wazo, kama kijana mpenda kujipamba aliyevishwa mzoga shingoni. Ya tatu ni kutolijali, kama mtu anayegeuza macho. Ya nne ndiyo hiyo yako ya kupunguza mwendo, na kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote, kwa kuwa mtu hajazuiwa na yeyote. Ameona tu kwamba hakukuwa na sababu ya kukimbia. Ya tano, iliyowekwa mwisho kabisa, ni kuuma meno na kuukandamiza moyo kwa moyo. Huko ndiko kujikaza kwetu, ndugu Mkaaji. Haikukatazwa, lakini imewekwa mwisho wa foleni, na sisi tunaitanguliza.

Mgongano unaouona upo katika mafundisho ya siku hizi kuliko katika maandiko. Tangu Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake ya kupunguza msongo katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, uzingativu umeenea hospitalini na maofisini ukiwa umefupishwa kuwa kutazama bila kuhukumu, na ufupisho huo umewasaidia watu wengi. Lakini katika eneo la nne la hotuba ya Satipatthana, panapotajwa vizuizi vitano vya moyo, nia mbaya ikiwa mojawapo, mtendaji anatakiwa kujua mambo matano: kwamba ipo, kwamba haipo, imezukaje, inaachwaje, na itafanywaje isizuke tena. Kutazama ni mawili ya mwanzo tu. Yaliyobaki ni uchunguzi, na uchunguzi huzaa hatua. Hata neno lenyewe sati, tunalolitafsiri uzingativu, asili yake ni kukumbuka. Mlinzi wa lango anayetajwa katika maandiko kama mfano wa sati haangalii tu wanaopita. Anakumbuka nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji, na wengine huwazuia.

Mkaaji wa Alfajiri amejibu:

Nawashukuru nyote, na hasa Mama Muuguzi kwa lile neno “imeshika”. Kwangu imeshika taya; sikuwahi kujua hadi leo asubuhi. Hata hivyo bado nina kizuizi kimoja, nami nitakisema bila kuficha. Ninaogopa kwamba hasira hii ndiyo ushahidi pekee uliobaki kwamba tulidhulumiwa. Ikiisha, itakuwa kama nami nimetia sahihi mauzo yale.

Msomaji wa Kipali amejibu:

Ndugu, ulichokieleza sasa si hasira tena. Kipali kina neno jingine kwa hicho, upanaha, nasi tunalo letu zuri sana: kinyongo. Kuna fundisho fupi linalowagawa watu katika aina tatu: ambao hasira yao ni kama maandishi yaliyochongwa katika jiwe, ambao yao ni kama maandishi ya mchangani, na ambao yao ni kama maandishi yaliyoandikwa majini. Wewe unaogopa kwamba jiwe likisafishwa, hati ya kiwanja itafutika. Lakini hati ya kiwanja haikuandikwa kwenye taya lako. Madai ya urithi yana mahali pake, kwenye baraza la ukoo au mahakamani, na hakuna popote nilipoona Buddha akifundisha kwamba mtu akiwa na moyo mtulivu hawezi kudai haki. Nadhani hata barua ile ingeandikwa vizuri zaidi na mtu ambaye taya lake limelegea. Ingekuwa fupi, na mashahidi wangeitwa kwa utaratibu.

Kuhusu kaka mwenyewe, nikupe kitu cha Sariputta, mwanafunzi mkubwa wa Buddha, ambacho kimenifaa katika ugomvi wangu binafsi ambao sitausimulia. Anasema kuna watu ambao matendo yao ni machafu na maneno yao ni machafu, lakini mara mojamoja moyo wao hupata uwazi kidogo. Mtu wa namna hiyo ni kama maji machache yaliyotuama katika alama ya kwato ya ng’ombe, naye msafiri anakuja amechoka, amechomwa na jua, ana kiu. Akiyachota kwa mkono au kwa chombo atayatibua, hayatanyweka. Basi anapiga magoti, anaweka mikono chini, anainama na kunywa palepale kama ng’ombe, kisha anaendelea na safari yake. Haambiwi kwamba kwato ile ni kisima. Anaambiwa tu kwamba humo mna maji kidogo, na namna ya kuyanywa.

Usianze kwa kumtakia kaka yako mema, kama wengine watakavyokushauri. Buddhaghosa, aliyeandika kitabu kikubwa cha mazoezi huko Sri Lanka katika karne ya 5, anaelekeza kwamba upendo huanzia kwa nafsi yako, ukaenda kwa mtu unayemheshimu, kisha rafiki mpendwa, kisha mtu usiye na jambo naye, na adui huja mwisho. Akishindwa kwa adui, anarudi nyuma na kuanza upya. Kwa kinyongo cha miaka 3, kukaa hatua za mwanzo kwa muda mrefu si uvivu.

Muuguzi Mstaafu amejibu:

Naongeza swali moja tu kwa mwanangu Mkaaji. Katika kaka yako huyo, maji ya kwato yako wapi? Usijibu hapa.

Mkaaji wa Alfajiri amejibu:

Mama, nitajibu hapa hapa, kwa sababu nimelibeba swali lako kwa siku 4. Mama yetu alipougua, kaka ndiye aliyekuwa akimwogesha. Sisi wengine tulituma fedha. Jambo hili nilikuwa nalijua siku zote, lakini alfajiri halikuwahi kufika. Likija tabasamu lile, hili linakaa nje.

Jana lilikuja. Hasira nayo ilikuwapo, taya limekaza, nikaitaja imeshika. Vyote viwili vilikuwapo kwa pamoja kama dakika 5 au 6, mpaka muadhini alipoanza. Nimemwandikia kaka kuomba kikao cha ukoo mwezi ujao kuhusu kiwanja, na barua imekuwa ya mistari 8.